Nilimwondoa Hakimu kwa Kuwa ni Mwanamke

Mwaka 1994 niliandika ombi la kurasa tatu nikitaka hakimu ajiondoe katika kesi ya mirathi. Ukilivua ombi lile maneno yake ya kisheria, hoja inayobaki ni moja tu: hakimu ni mwanamke. Ombi likakubaliwa, na jioni ile nikawanunulia mawakili wenzangu chakula. Leo nimestaafu, na kosa hilo nalieleza hadharani kwa sababu lilimgharimu mtu shamba lake. Aliyenifumbua macho hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa jaji wa Marekani, Constance Baker Motley, ambaye nilikuja kumsoma akiwa ameshafariki.

Nilikuwa nawasimamia ndugu wawili wanaume. Baba yao alifariki akaacha ekari kumi na moja za minazi karibu na bahari, hapa pwani ya Kenya, na watoto watatu: hao wawili na dada yao mkubwa, aliyekuwa ameolewa, akaachika, akarudi kwao. Familia haikuwa ya Kiislamu, kwa hiyo kesi haikwenda kwa Kadhi. Ilikuwa chini ya Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981, na sheria hiyo inawagawia watoto sawasawa bila kumtenga wa kike, awe ameolewa au hajaolewa. Wateja wangu walitaka kugawana wawili. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba sheria haikuwa nasi.

Nikatafuta mlango wa nyuma. Hakimu alikuwa kijana, msomi, mwenye sauti ya chini, na miezi michache kabla alikuwa amewaeleza akina mama wa kanisa haki ya binti katika urithi. Mtu fulani aliniletea habari hiyo. Nikamwapisha mmoja wa wateja wangu hati ya kiapo iliyosema kwamba hakimu ameonyesha upande, kwamba kwa jinsia yake na kwa maneno yake hawezi kuwasikiliza wanaume hawa kwa moyo mweupe. Maneno ya kiapo yalikuwa yangu. Mteja alitia sahihi tu.

Hakimu aliisoma hati nzima pale pale kitini, ukurasa kwa ukurasa. Akavua miwani. Akasema hapendi mtu yeyote atoke katika mahakama yake akiamini kwamba hakusikilizwa, na kwa hiyo faili analirudisha lipangiwe mwenzake. Hakunitazama. Faili likaenda mji mwingine, kwa hakimu mwanamume. Huyo sikuuliza amewahi kuzungumza wapi wala na nani. Sikuuliza kama ana dada, kama ana mabinti, kama baba yake aliacha shamba na aligawana na nani. Wazo lenyewe halikunijia. Kwangu mimi hakimu mwanamume alikuwa hakimu, basi, na hakimu mwanamke alikuwa mwanamke kwanza.

Yule dada alikuwa akija kwa matatu, siku nzima njiani kwenda na kurudi, kesi inaahirishwa, anarudi nyumbani. Hali ikawa hiyo miaka miwili na zaidi. Nauli ikamshinda. Mwishowe akakubali kusuluhishwa nje ya mahakama kwa nusu ekari, kwenye ukingo wa shamba usio na minazi. Makubaliano niliyaandika mimi. Alikandamiza kidole gumba kwenye wino, akakiweka kwenye karatasi mara tatu, nakala tatu, kisha akakipangusa kwa pindo la leso yake. Wino haukutoka. Aliendelea kupangusa huku mimi nikikusanya karatasi zangu.

Ikatimia miaka kumi na mitano tangu niandike ombi lile.

Mwaka 2009 mteja mwingine, mwenye fedha, alinitaka niandike ombi kama lile dhidi ya jaji mwanamke katika kesi ya mali ya ndoa. Hakuna aliyeshangaa, nilikuwa nimejijengea jina la wakili anayeweza kazi ya namna hiyo. Ila kwa jaji wa Mahakama Kuu huendi mikono mitupu. Nikaanza kutafuta maamuzi ya nchi nyingine yatakayonipa nguvu. Nilikuwa natafuta silaha, na katika kutafuta nikaangukia uamuzi wa mwaka 1975 wa mahakama ya shirikisho ya New York: Blank dhidi ya Sullivan & Cromwell.

Mwanamke aliyesomea sheria alikuwa ameishtaki kampuni hiyo kubwa ya mawakili kwa kuwabagua wanawake katika kuajiri. Kesi ikapangiwa Jaji Motley. Upande wa kampuni ukamwomba ajiondoe. Walisema yeye ni mwanamke, ni mweusi, na kabla ya kuwa jaji alitumia miaka mingi akiwatetea waliobaguliwa, kwa hiyo moyo wake uko upande mmoja. Nilikuwa nasoma kiapo changu cha 1994 kwa Kiingereza cha watu wengine.

Nilitegemea kukuta kwamba ameona haya akajiondoa. Alikataa. Jibu lake ni fupi, na mwanasheria yeyote analielewa mara moja. Kama historia ya jaji, au rangi yake, au jinsia yake ni sababu ya kumwondoa, alisema, basi hakuna jaji hata mmoja katika mahakama ile anayeweza kuisikiliza kesi hiyo, kwa kuwa wote walikuwa mawakili kabla ya kuwa majaji, na kila mmoja wao ana jinsia.

Kila mmoja wao ana jinsia. Nilisimama, nikaenda kufunga mlango wa ofisi, nikarudi kukisoma kile kifungu tena. Kesi ile ilihusu mwanamke kwa upande mmoja na kampuni iliyojaa mawakili wanaume kwa upande wa pili. Jaji mwanamume aliyepata kufanya kazi katika kampuni ya namna hiyo asingeombwa na mtu yeyote ajiondoe. Wala mimi nisingemwomba. Nilikuwa nimeishi katika sheria zaidi ya miaka ishirini nikiamini kwamba mwanamume hana upande.

Nikataka kumjua huyu mwanamke. Bosi wake wa zamani nilikuwa namjua: Thurgood Marshall, mwanasheria mweusi wa Marekani ambaye Tom Mboya alimwita awe mshauri wa Waafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960. Wanasheria wa Kenya tunalitaja jina la Marshall kwa fahari. Kumbe katika ofisi yake, miaka hiyo hiyo, alikuwamo mwanamke aliyekuwa akifanya kazi nzito na ya hatari kuliko nyingi nilizowahi kusikia, na sikuwa nimewahi kusikia jina lake.

Alizaliwa New Haven, Connecticut, tarehe 14 Septemba 1921, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Nevis katika Karibi. Baba yake alikuwa mpishi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Fedha ya kumsomesha haikuwapo. Akiwa binti mdogo aliyemaliza shule alisimama kuzungumza katika kituo cha jamii cha mtaani kwao, na tajiri mmoja Mzungu, Clarence Blakeslee, alivutiwa na maneno yake, akajitolea kumlipia masomo. Akasoma Fisk, kisha Chuo Kikuu cha New York, kisha sheria Columbia. Kampuni moja ya mawakili alikokwenda kuomba kazi ilipomwona uso, mahojiano yakaishia mlangoni. Marshall akamchukua mwaka 1945, kabla hajamaliza masomo. Hati ya madai iliyoanzisha kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, iliyokuja kuuvunja ubaguzi wa rangi katika shule za Marekani mwaka 1954, ni kazi ya kalamu yake.

Kilichonishika zaidi ni Mississippi. Alifika Jackson mara ya kwanza mwaka 1949 katika kesi ya mishahara ya walimu weusi, waliokuwa wakilipwa pungufu ya wenzao Wazungu. Watu walijaa mahakamani kumtazama. Wakili mweusi ilikuwa ajabu. Wakili mweusi mwanamke hawakuwa wamemwona. Mawakili wa upande wa pili walikwepa kumwita Bi. Motley, kwa sababu heshima hiyo mwanamke mweusi hakupewa. Nilipofika hapo nilikumbuka tulivyokuwa tukiwaita mawakili wanawake kortini kwetu miaka ya themanini. Sisi tulisema “huyu binti”. Yeye akiwa na joho lake, na faili lake, na kesi yake ameiandaa vizuri kuliko sisi, sisi tunamwambia hakimu, “Mheshimiwa, huyu binti hajaelewa.” Na korti inacheka.

Mwaka 1961 akarudi Mississippi na kesi ya James Meredith, kijana mweusi aliyetaka kusoma Chuo Kikuu cha Mississippi. Kesi ile ilichukua mwaka mmoja na miezi kadhaa, na safari zaidi ya ishirini kutoka New York. Hoteli za mji hazikumpokea. Kuna jambo moja alilisimulia mwenyewe baadaye. Yumo garini na Medgar Evers, kiongozi wa haki za weusi wa jimbo hilo, daftari lake la kazi liko mapajani. Evers anamwambia alifiche ndani ya gazeti na asigeuke nyuma, maana polisi wanawafuata. Nikajaribu kujiona mimi, wakili, nikienda mahakamani huku naficha daftari langu ili nisiuawe. Mwezi Septemba 1962 mahakama zilikuwa zimeshaamua kwamba Meredith aingie. Alipofika chuoni palitokea ghasia, watu wawili wakauawa, na maelfu ya wanajeshi wakapelekwa ndipo akaandikishwa tarehe 1 Oktoba. Evers mwenyewe alipigwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 12 Juni 1963.

Motley akaendelea. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kusimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani kutoa hoja. Kesi yake ya kwanza huko, mwaka 1961, ilimhusu mtu wa Alabama aliyehukumiwa kifo bila kuwa na wakili siku aliyosomewa mashtaka. Akashinda, majaji wote wakiwa upande mmoja. Alipeleka kesi kumi mbele ya mahakama ile, akashinda tisa. Ya kumi, aliyoshindwa mwaka 1965, ilihusu waendesha mashtaka wa Alabama kuwaondoa weusi katika jopo la wazee wa baraza. Miaka ishirini na moja baadaye mahakama hiyo hiyo iliiacha njia yake ya zamani na kukaribia sana pale alipokuwa amesimama yeye.

Rais Lyndon Johnson alimteua kuwa jaji wa shirikisho mwezi Januari 1966. Seneta James Eastland wa Mississippi, mwenyekiti wa kamati iliyopaswa kumpitisha, alimtuhumu kuwa mkomunisti na akaukwamisha uteuzi hadi mwisho wa Agosti. Alipokula kiapo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuketi katika kiti hicho. Mwaka 1982 akawa jaji mkuu wa mahakama yake. Alifariki New York mwezi Septemba 2005.

Sasa tazama walichofanya wale mawakili wa 1975. Kazi ile yote, safari zile, daftari lile ndani ya gazeti, waliichukua wakaifanya kuwa kasoro. Walisema: kwa sababu uliwatetea waliodhulumiwa, huwezi kuhukumu. Mimi nami nilimchukua hakimu aliyewaeleza akina mama wa kanisa sheria ya nchi yao, sheria iliyopitishwa na Bunge, nikasema kuieleza sheria ni kuonyesha upande. Angewaeleza wanaume sheria ya mikopo nisingeandika hata sentensi moja.

Lipo jambo jingine, na hili ndilo zito kwangu. Jaji wa shirikisho wa Marekani akishathibitishwa, kiti ni chake maisha yake yote. Motley aliweza kukataa, na hakuna aliyeweza kumhamisha kwa ajili hiyo. Hakimu wetu wa mwaka 1994 hakuwa na ngao hiyo. Barua moja kutoka makao makuu ingetosha kumpeleka mwisho wa nchi, na minong'ono kwamba ameonyesha upendeleo ingemfuata huko. Yeye alilijua hilo, na mimi nililijua. Nilipoandika ombi langu nilikuwa nimepima kwamba hatapigana, na juu ya kipimo hicho ndipo nilipoijenga kesi yangu. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba alijiondoa kwa hiari yake. Si kweli. Nilimweka mahali ambapo akikaa atasemwa na akiondoka atasemwa, nikangoja.

Yule mteja wa 2009 nilimrudishia fedha zake. Sitaki kusifiwa kwa hilo. Alipata wakili mwingine ndani ya wiki.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumtafuta yule dada. Ile nusu ekari bado anaishi juu yake, nyumba ya mabati na choo cha makuti. Zile ekari nyingine kumi na nusu kaka zake walishaziuza, zimekatwa viwanja, zina kuta na mageti. Mteja wangu mmoja ameshafariki. Wa pili alihama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ni wewe wa karatasi?”

Nikasema ni mimi. Akanivutia kigoda, akaniletea madafu, mawili, ya mnazi wa jirani. Nilimweleza nilichokuwa nimekuja kueleza, kwamba sheria ilikuwa upande wake tangu mwanzo, kwamba nilijua, na kwamba yule hakimu wa kwanza nilimwondoa makusudi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. Akasema siku ile ya kwanza alipomwona mwanamke amekaa kwenye kile kiti alimshukuru Mungu, na alipoondoka alidhani yeye ndiye aliyekosea, kwamba pengine alisema neno baya, au alivaa vibaya, hakimu akakasirika. “Kwa hiyo hakunikasirikia?” akauliza.

Nikamwambia, hapana mama, hakukukasirikia.

Miaka kumi na sita alikuwa amekaa na hilo. Hakuna mtu aliyemweleza kwa Kiswahili kilichotokea katika chumba kile. Tuliongea Kiingereza juu ya kichwa chake, tukafunga mafaili yetu, tukatoka.

Nilitaka kumtafutia wakili wa kuifufua kesi. Mimi mwenyewe nisingeweza, maana nilikuwa nimewasimamia wapinzani wake, na siri za wateja wangu nimefungwa nazo hadi kaburini. Hapa pia sielezi lolote waliloniambia. Naeleza nililotenda mimi, na mengine yamo katika kumbukumbu za mahakama. Wakili niliyempelekea aliyapitia makaratasi akasema ukweli: makubaliano yana kidole gumba chake, ardhi iko mikononi mwa watu wengine walionunua, na miaka imepita mingi. Mama mwenyewe alikataa kuanza upya. Alisema nauli hana na umri hana.

Kwa mawakili vijana nina ombi moja. Mtu akija ofisini kwako akitaka hakimu aondolewe kwa kuwa ni mwanamke, au kwa kabila lake, au kwa kuwa aliwahi kuwatetea wanyonge, usimwandikie. Yapo maombi ya haki ya kumtaka hakimu ajiondoe: ana hisa katika kampuni inayoshtakiwa, ni shemeji wa mlalamikaji, ameshatamka uamuzi kabla ya kusikiliza. Hayo yaandike kwa ujasiri. Anayetaka hilo jingine, mrudishe nyumbani na fedha zake.

Na wewe, Mheshimiwa. Nimekuuliza kwa waliofanya kazi nawe, wakaniambia uliacha uhakimu miaka michache baada ya kesi ile, na kwamba hukupenda kueleza kwa nini. Sijui kama mimi ni sehemu ya sababu hiyo, na sina haki ya kukuuliza. Ulisoma uwongo wangu mbele ya watu, ukurasa kwa ukurasa, ukaniachia heshima ambayo sikustahili. Kiapo kile kilikuwa cha uwongo, na aliyekitunga ni mimi. Hukuonyesha upande wowote. Nakuomba radhi.